Ardhi Isiyo na Hati: Watalii, Upepo na Mafuta Kaskazini mwa Kenya

Kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, upepo huvuma karibu mwaka mzima. Hutokea upande wa Bahari ya Hindi, hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na ukifika hapo huwa umeshika kasi ya kumyumbisha mtu mzima. Wafugaji wa Kirendille, Kisamburu na Kiturkana wamepitisha ngamia na mbuzi wao katika uwanda huo vizazi kwa vizazi. Leo kuna mitambo ya upepo 365, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, upande wa Nairobi, kuingia katika gridi ya taifa.

Ukiuliza ni nani aliyeitoa ardhi ile, jibu litakurudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja. Kaskazini mwa Kenya husimuliwa kwa habari za ukame, njaa na wizi wa mifugo. Habari hizo ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini watalii na wawekezaji waliofika huko walileta neema mahali pamoja na kesi za mahakamani mahali pengine. Naamini maelezo yamo katika jambo moja: nani alikuwa ameishika ardhi kisheria siku mgeni alipobisha hodi.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1887 msafara mkubwa uliondoka Pangani kuelekea bara. Uliongozwa na Sámuel Teleki, mwinyi wa Hungaria aliyependa kuwinda, pamoja na Luteni Ludwig von Höhnel. Njia waliijua kwa msaada wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, na mizigo ilibebwa na mamia ya wapagazi. Machi 1888 wakalifikia ziwa kubwa katikati ya jangwa. Waturkana walikuwa na jina lake, Anam Ka'alakol. Wageni wakaliandika kwenye ramani kwa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria, na likaitwa hivyo hadi mwaka 1975.

Waingereza walipolichukua eneo hilo hawakutaka kulilima wala kulijenga. Walitaka kizuizi kati yao na Ethiopia. Kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, kaskazini ikafungwa: asiye mkazi hakuingia bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ikawapa maofisa uwezo wa kuwaadhibu watu kwa pamoja, ukoo mzima kwa kosa la mmoja, na kuwaamuru wafugaji wasivuke mipaka ya malisho waliyochorewa. Eneo hilo, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, likajulikana kwa herufi zake tatu za Kiingereza, NFD. Likawa pia gereza. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung kuanzia mwaka 1953, akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal, kabla ya kuachiliwa mwaka 1961.

Mlango huo haukufungwa kwa kila mtu. Mwaka 1924 Wamarekani Martin na Osa Johnson, mke na mume waliopiga filamu, walipanda Mlima Marsabit na kujenga kambi kando ya ziwa la kreta walilolibatiza Lake Paradise. Walikaa huko miaka mitatu wakipiga picha za tembo, simba na vifaru, na picha hizo zikaonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Watazamaji wakaiona kaskazini kuwa nchi ya wanyama. Warendille, Wagabra na Waborana, walionywesha mifugo katika visima vya mlima huohuo, walibaki pembeni ya picha.

Uhuru uliochelewa

Bendera ilipopandishwa mwaka 1963, kaskazini iliingia vitani. Vita vya Shifta, vilivyotokana na madai ya Wasomali wa Kenya kujiunga na Somalia, viliendelea hadi mwaka 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa na mifugo yao kufa kwa maelfu. Hali ya hatari iliyotangazwa Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Marsabit mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 bila kuonja sheria za kawaida za nchi yake.

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, mwongozo wa mipango ya uchumi wa taifa jipya. Ulisema fedha za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Kwa kipimo hicho kaskazini ilishindwa kila mtihani, na kwa miaka mingi ikakosa lami, shule za kutosha na hospitali. Ndiyo sababu hadi leo utamsikia mzee wa Moyale au Lodwar akimuaga jirani kwamba anasafiri kwenda Kenya, ilhali anakwenda Nairobi.

Katika miaka hiyohiyo tembo mmoja wa Marsabit alijulikana duniani kote. Aliitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na walinzi wakamfuata usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Mfano wake umesimama katika jumba la makumbusho Nairobi. Kumlinda Ahmed lilikuwa jambo jema, na majangili wa siku zile wangemmaliza. Lakini Mrendille aliyechunga mbuzi chini ya mlima uleule hakuwa na ulinzi wa namna hiyo. Taifa lilikuwa limekwisha kuamua kipi kaskazini kina thamani, na wenyeji hawakuulizwa.

Hapo ndipo suala la ardhi linapoingia. Tofauti na wakulima wa Nyeri au Kisii, waliopimiwa mashamba na kupewa hati, wafugaji wengi wa kaskazini waliachwa chini ya mfumo wa ardhi ya amana. Ardhi ilishikwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wakazi. Baraza likiamua, liliweza kuitenga sehemu yake na kumpa mtu au kampuni, baada ya kufuata utaratibu wa kutangaza, kuwasikiliza wakazi na kulipa fidia. Mfugaji aliijua ardhi yake kwa visima, makaburi na njia za mifugo. Kwenye daftari la serikali hakuwepo.

Samaki, visukuku na wageni

Mradi mkubwa wa kwanza ziwani ulikuwa wa samaki. Kwa fedha za Norway, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, upande wa magharibi wa ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilikuwa la huruma: Waturkana waliopoteza mifugo katika ukame wapate riziki ya maji. Lakini kugandisha samaki jangwani kulihitaji umeme mwingi na maji safi, na gharama ikazidi bei ya samaki. Kiwanda kikafanya kazi muda mfupi tu. Kisha ghuba ya Ferguson, walikozaliana samaki wengi, ikakauka katikati ya muongo huo. Familia zilizohamia ufukweni kwa ahadi ya kazi zilibaki hapo bila samaki na bila mifugo. Waliopanga walikuwa hawajawauliza wavuvi wa zamani jinsi ziwa linavyojaa na kupungua.

Ng'ambo ya pili, umaarufu ulikuja kwa mifupa. Richard Leakey alianza kuchimba Koobi Fora mwaka 1968, na mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa visukuku, aligundua Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa, kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia ikamwita Mvulana wa Turkana. Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, inayozunguka Koobi Fora, ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1997 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa wanasayansi ilikuwa neema. Kwa Wagabra na Wadassanech, waliokimbilia majani ya ufukweni kila mvua ilipokosekana, ilikuwa malisho yaliyowekewa mpaka. Ukame ukizidi waliingia tu, na kila kuingia kukawa kosa.

Kusini zaidi, kando ya mto Ewaso Ng'iro, hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba zilivuta watalii kwa twiga wenye madoa ya kipekee na punda milia wa Grevy. Fedha za viingilio zilikwenda kwa mabaraza ya kaunti. Kijiji kilichopakana na lango kiliona magari yakipita, na baadhi ya vijana walipata kuuza shanga au kucheza ngoma mbele ya kamera. Ikawa hivyo pia Loiyangalani, mahali pa chemchemi na mikoma ufukweni mwa Turkana, ambako Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi, walipigwa picha mpaka sura zao zikawa za kwenye kalenda.

Walioingia na hati mkononi

Mwaka 1996 kulitokea kitu tofauti. Il Ngwesi, kaskazini mwa Laikipia, jamii ya Wamaasai ilifungua nyumba ya wageni iliyokuwa mali yao wenyewe. Ardhi yao ilikuwa ranchi ya kikundi, iliyosajiliwa kwa jina lao chini ya sheria ya mwaka 1968. Wafadhili na majirani wa hifadhi ya Lewa walisaidia, lakini hati ilikuwa ya jamii. Jamii ikaamua eneo gani litengwe kwa wanyama na ni lini mifugo iingie. Mapato yakalipa karo, zahanati na mishahara ya askari wa wanyamapori. Mwaka 2002 Il Ngwesi ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Namunyak, chini ya milima ya Mathews, Wasamburu walikuwa wameanza safari ya aina hiyo mwaka 1995. Huko ndiko Reteti ilikofunguliwa mwaka 2016, kituo cha kulea watoto wa tembo yatima kinachomilikiwa na jamii, na wanawake wa Kisamburu wakawa miongoni mwa walezi, kazi ambayo zamani hawakupewa.

Mafanikio hayo yakazaa mfumo. Northern Rangelands Trust, iliyoanzishwa mwaka 2004, imekuja kuunganisha hifadhi za jamii zaidi ya 40. Imeleta walinzi wenye redio, soko la shanga, mikopo na, baadaye, biashara ya hewa ya kaboni. Ujangili wa tembo ulipungua. Lakini mfumo ulipofika Isiolo ulikuta ardhi ya aina nyingine. Huko Waborana walitumia malisho ya pamoja kwa utaratibu wa dedha, baraza la wazee linaloamua majani yapi yaliwe kiangazi na yapi masika, na ardhi yenyewe ilikuwa bado ya amana, haijasajiliwa kwa jina lao. Wakazi wakalalamika kwamba hifadhi zilianzishwa bila ridhaa ya wengi na kwamba walinzi wenye silaha walikuwa wanapewa mamlaka ya wazee. Walifungua kesi mwaka 2021. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kuwa hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria.

Il Ngwesi na Biliqo Bulesa zimetumia lugha ileile ya utalii wa jamii, wanyama walewale na wafadhili wanaofanana. Mahali pamoja wenyeji walisema ndiyo wakiwa na karatasi mkononi, na wangeweza kusema hapana. Mahali pengine karatasi haikuwepo, na ridhaa ikadhaniwa tu.

Upepo wa Sarima

Turudi kwenye uwanda wa upepo. Mwaka 2007 Baraza la Kaunti ya Marsabit lilikubali kuitengea kampuni ya Lake Turkana Wind Power ekari 150,000. Mitambo yenyewe na barabara zake vilihitaji sehemu ndogo tu ya ekari hizo. Kijiji cha Sarima kilichokuwa ndani ya eneo la mradi kikahamishwa. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ikatengenezwa ili malori yapitishe mabawa, na wenyeji wanaisifu mpaka leo, kwa kuwa mgonjwa na mbuzi wa mnada sasa wanafika haraka. Vijana walipata kazi za ujenzi na ulinzi, na kazi zilipokwisha wakagombania chache zilizobaki, kabila dhidi ya kabila.

Uwezo wa mitambo hiyo ni megawati 310, kiasi kikubwa kwa nchi kama Kenya, na ni umeme safi usiochoma mafuta. Ilipokamilika mwaka 2017, nyaya za serikali hazikuwa zimefika, na walipa kodi wakabeba faini ya mabilioni ya shilingi kwa kuchelewa huko. Mradi ulizinduliwa rasmi Julai 2019. Nyaya kubwa za kusafirishia umeme hazimwashii taa mtu aliye chini yake. Wachungaji wa Sarima walikaa gizani chini ya nguzo zinazolisha Nairobi.

Wakazi wa Laisamis walikuwa wamekwenda mahakamani tangu mwaka 2014. Hawakudai mitambo ing'olewe. Walidai waulizwe. Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kuwa hati zilizotolewa hazikufuata utaratibu wa sheria ya ardhi ya amana, ikatoa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe. Mei 2023 ikakataa kuongeza muda. Mvutano umeendelea, lakini hoja imekwisha kuandikwa katika hukumu: sheria ya kuwasikiliza wakazi ilikuwepo tangu mwanzo na ilirukwa.

Pipa la Lokichar

Machi 26, 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kuwa mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, Turkana. Kampuni ya Uingereza ya Tullow ndiyo iliyochimba. Wiki chache kabla, Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walikuwa wamezindua Lamu ujenzi wa ushoroba wa LAPSSET wa bandari, barabara na mabomba. Ghafla kaskazini, iliyonyimwa kwa nusu karne, ikaitwa mustakabali wa taifa.

Lokichar, kituo kidogo kwenye barabara ya Kitale na Lodwar, kikafurika. Nyumba za kulala wageni zilijengwa, bodaboda zikajaa, bei za vyakula zikapanda. Oktoba 2013 wananchi waliandamana hadi kwenye mitambo wakidai kazi na zabuni, na kampuni ikasimamisha uchimbaji kwa muda. Juni 3, 2018, Rais Uhuru Kenyatta aliaga malori ya kwanza yaliyobeba mafuta ghafi kwenda Mombasa. Kabla mwezi haujaisha wakazi waliyazuia barabarani, safari hii wakidai usalama kwanza, kwa sababu wezi wa mifugo walikuwa wanaua watu na askari walionekana kulinda visima kuliko vijiji. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa 200,000, ikasafirishwa nje.

Kiini cha ugomvi kilikuwa mgawo. Bunge liliwahi kupendekeza jamii ipate asilimia 10 ya mapato ya serikali. Baada ya mvutano mrefu, Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikaweka asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii inayoishi yalipo mafuta. Hata hizo 5 zilisubiri. Mei 2020 wawekezaji walitangaza kuwa hali zilizo nje ya uwezo wao zinawazuia kuendelea, na shughuli zikapungua. Waliokuwa wamekopa benki kununua magari ya kukodisha kwa kampuni wakabaki na madeni. Mwaka 2023 Total na Africa Oil zilijiondoa, na mwaka 2025 Tullow ikauza mali yake kwa Gulf Energy ya Kenya kwa angalau dola milioni 120. Miaka 13 baada ya tangazo la Kibaki, wenye faida na hasara walikuwa wamebadilishana vitabu vya hesabu huko London na Nairobi. Mfugaji wa Lokichar alibaki na visima vilivyofungwa katikati ya malisho yake.

Theluthi mbili

Katiba ya mwaka 2010 ilifuta ardhi ya amana na kuiita ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaeleza namna ya kuisajili. Kifungu chake cha 36 kina nguvu ambayo wafugaji hawajapata kuwa nayo tangu mwaka 1902: mkataba wa kuwekeza katika ardhi ya jamii si halali mpaka upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Il Ngwesi imekuwa miongoni mwa jamii za kwanza kupata hati chini ya sheria hii mpya. Sehemu kubwa ya Turkana, Marsabit na Isiolo bado haijasajiliwa, na kaunti inaendelea kuishika kwa niaba ya wakazi, kama baraza lilivyoishika siku za Sarima.

Wapo wanaosema hati haitoshi, na wana haki. Ranchi za vikundi za Kajiado ziligawanywa na kuuzwa, mara nyingi na wachache waliopewa dhamana ya kuzisimamia. Mfugaji naye anahitaji kuvuka mipaka mvua inapohama, na mstari wa hati unaweza kumfungia njia jirani yake. Ndiyo sababu theluthi mbili ni muhimu kuliko karatasi yenyewe. Inamlazimisha mwekezaji aketi barazani na wanawake, vijana na wazee kabla ya kukutana na waziri, na inawalazimisha viongozi wa jamii kutoa hesabu mbele ya watu wao.

Wafugaji wa kaskazini hawajawahi kukataa wageni. Wakazi wa Laisamis walioshtaki wanaisifu barabara. Waturkana waliozuia malori walitaka mafuta yachimbwe, na wao wapate kazi, usalama na sehemu yao. Wasamburu wa Namunyak wanalea tembo kwa mikono yao. Walichodai, tangu wilaya ilipofungwa, ni kuulizwa mapema, wakiwa bado na uwezo wa kukataa.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ni ya kawaida kabisa, ya maofisa wa ardhi wenye vifaa vya kupima, makarani wa kuandikisha wanajamii, na bajeti ya kaunti ya kuwapeleka North Horr, Loima na Merti. Mafuta ya Lokichar yamepata mmiliki mpya, na mitambo mingine ya upepo na jua itakuja, kwa kuwa dunia inaihitaji. Usajili wa ardhi ya jamii ukamilike kabla mikataba hiyo haijatiwa saini. Serikali inayoweza kupeleka nyaya kilomita 400 kutoka Sarima hadi Suswa inaweza pia kumfikishia mfugaji hati ya ardhi anayoichunga.